Mume Wangu, Muundi Wake na Mashine ya Sumaku

Mpenzi msomaji, kama mumeo au mchumba wako hajawahi kuvunjika mguu, mshukuru Mungu kisha endelea kusoma, maana katika Dar hii ya bodaboda hakuna mwenye dhamana. Wengi tunadhani kuvunjika ni magongo ya miezi miwili mitatu, wageni kuleta machungwa na soda, pole nyingi, basi, mambo yanaisha. Hakuna anayekwambia kwamba ipo mifupa inayogoma kuunga. Na mfupa ukigoma haugomi peke yake. Mshahara nao unagoma, ratiba ya nyumba inagoma, na chumbani pia. Wenye ndoa mnanielewa.

Wa kwetu ulikuwa muundi, mguu wa kulia. Mume wangu alipanda bodaboda kutoka Mwenge kuwahi kikao, gari dogo likaingia barabarani bila kuangalia, mengine unaweza kuyamalizia mwenyewe. Alifanyiwa operesheni, akawekewa chuma kirefu ndani ya mfupa na skrubu juu na chini za kukishikilia. Operesheni ilikwenda vizuri, kidonda kikakauka, tukarudi nyumbani tukiwa tumeshapanga mwezi gani atarudi kazini. Mimi na mipango bwana, hata kalenda ya jikoni niliizungushia kalamu nyekundu.

Mwezi wa nne picha ya eksirei ikaonyesha mstari. Mwezi wa sita mstari uleule. Mwezi wa nane daktari akaigeuza picha kwenye mwanga, akaigeuza tena, akasema, "Huu bado haujaunga." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Akatueleza kwamba kipimo kinachotumika sana ni miezi tisa tangu kuvunjika, na katika mitatu ya mwisho kusiwe na dalili yoyote ya maendeleo, hapo ndipo wanasema mfupa umekataa. Sisi tulibakiwa na mwezi mmoja. Baada ya hapo ingebidi arudi mezani, wachukue mfupa kidogo kutoka kwenye nyonga yake wapandikize pale palipogoma.

Kwa nini muundi? Swali hilo nilimuuliza yeye. Akaniambia nijiguse mwenyewe mbele ya mguu. Kweli, ni ngozi na mfupa, nyama hakuna. Penye nyama kidogo na damu ni kidogo, na mfupa unaunga kwa damu. Ndiyo maana sehemu ya chini ya muundi ni kati ya zinazosumbua sana madaktari wa mifupa.

Sasa hapo ndipo ikaingia mashine.

Iliingia kwa mlango wa urafiki. Jamaa mmoja waliyewahi kufanya naye kazi alikuja kumwona Jumapili, amebeba begi dogo jeusi kama la kompyuta. Ndani kulikuwa na kiboksi cha ukubwa wa simu mbili zilizobebana, waya, na kitu kama mkanda mpana wenye duara gumu ndani yake. "Shemeji," akaniambia, "hii unaivaa mguuni, unaiwasha, inatoa mawimbi ya sumaku, mfupa unaunga. Wazungu wanatumia miaka yote, sisi huku tunafichwa." Bei: milioni mbili na laki nane.

Nilipomuuliza inatibu nini kingine akafurahi sana. Mgongo, presha, kisukari, usingizi, uzazi, na nguvu za kiume, hiyo ya mwisho akamwangalia mume wangu na kukonyeza. Mimi nimesomea mawasiliano, nimehariri makala za matangazo kwa miaka zaidi ya kumi. Kitu kinachotibu magonjwa saba kwa bei moja kinanifanya nishike pochi yangu kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama kimesajiliwa na TMDA, wale waliokuwa TFDA hadi mwaka 2019, kwa sababu vifaa tiba navyo viko chini yao, si dawa peke yake. Akanionyesha cheti chenye muhuri wa dhahabu na maandishi ya Kichina. Nikarudia swali. Akaomba maji ya kunywa.

Lakini mume wangu alikuwa ameshaangaza macho. Jamani, miezi minane nilikuwa sijayaona macho yale. Alikuwa amezoea kukaa sebuleni na mguu juu ya stuli, anaangalia mechi za ligi za nchi ambazo hata hazijui ziko wapi. Analala kwenye kochi, eti kitandani nikigeuka ninamgonga. Akaanza kujibu kwa neno moja. Na sasa hapa kuna mtu amekuja na begi la matumaini, na mke wake anauliza habari za usajili.

Usiku ule tukagombana kwa sauti ya chini, ile ya kuogopa watoto. Milioni mbili na laki nane ilikuwepo. Ilikuwa kwenye akaunti yetu ya pamoja, pesa ya kumalizia kiwanja cha Kigamboni. Mimi nilisema ile sasa ni pesa ya operesheni ya pili, maana bima ilikuwa imeshatuambia italipa kiasi gani na kiasi gani hailipi. Yeye akasema, "Wewe umeshakubali kwamba nitapasuliwa tena." Nikasema sijakubali chochote. Akasema, "Hutaki kujaribu kwa sababu mguu si wako." Hilo neno liliniuma, na lilibaki ndani ya nyumba siku kadhaa kama harufu ya samaki.

Nikafanya ninachojua kufanya: kusoma. Na hapa msomaji wangu nikwambie, nilitegemea kukuta utapeli mtupu. Sikukuta hivyo.

Hadithi yenyewe ni tamu. Mwaka 1957 huko Japani, Eiichi Fukada, mwanafizikia, na daktari Iwao Yasuda walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mfupa ukibanwa au kukunjwa unatoa umeme. Kidogo sana, lakini umeme kweli. Mwaka 1962 kule Marekani, Andrew Bassett na Robert Becker nao wakaandika kwenye jarida la Science juu ya jambo hilohilo. Ukiwaza, ina mantiki: unapotembea mifupa inabanwa na kuachiwa, na mwili unajua wapi pa kuongeza nguvu. Bassett, daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akajiuliza: kama mfupa unaongea kwa umeme, je, na sisi tunaweza kuujibu? Mwaka 1974 yeye na wenzake wakaripoti kwamba mifupa ya mbwa iliyovunjwa iliponywa vizuri zaidi ilipozungushiwa koili za sumaku kwa nje, bila kupasua, bila waya kuingia mwilini. Mwaka 1979 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu vifaa vya aina hiyo kwa mifupa iliyogoma kuunga. Kwa hiyo yule jamaa na begi lake hakudanganya kwamba kitu hicho kipo.

Namna kinavyofanya kazi unaweza kumweleza hata mtoto wa sekondari. Umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa unakuwa sumaku. Ukiuwasha na kuuzima haraka haraka, ile sumaku inabadilika kila mara, na sumaku inayobadilika inazaa umeme mdogo kwenye kitu kilicho karibu, mathalani mguu. Faraday aliligundua hilo mwaka 1831. Na hapohapo ndipo unapojua bangili na soksi za sumaku zinazouzwa mitaani ni urembo tu: sumaku yake imetulia, haibadiliki, kwa hiyo hakuna umeme wowote inaouzaa ukiwa umekaa nayo. Ukivaa vaa kwa sababu imependeza na nguo.

Je, mashine inaponya? Hapa ndipo nilipokunywa vikombe vitatu vya kahawa.

Kuna jaribio lilifanyika Sheffield, Uingereza, likachapishwa kwenye Lancet mwaka 1984. Wagonjwa kumi na sita, wote muundi umegoma. Tisa wakapewa mashine inayofanya kazi. Saba wakapewa iliyofanana nayo kila kitu, lakini haitoi kitu. Mgonjwa hajui ana ipi, na daktari anayesoma picha hajui. Matokeo: wenye mashine ya kweli, watano kati ya tisa waliunga. Wenye mashine ya bandia, watano kati ya saba! Kumbe wote, wa kweli na wa bandia, walikuwa wamefungwa plasta na kuambiwa watulie wasikanyage. Kilichowasaidia huenda kilikuwa kutulia.

Nilimsomea mume wangu hiyo nikidhani nimemaliza kesi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi kaniletee hiyo iliyozimwa." Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu Jumapili ile, na nakiri kicheko kile kilifanya kazi kubwa kuliko ushahidi wangu wote.

Halafu mambo si rahisi hivyo. Mwaka 2011 wataalamu wa Cochrane, wale wanaokusanya majaribio na kuyapima pamoja, walipata majaribio manne tu yenye watu 125 kwa jumla, wakasema mwelekeo unaonekana kuipendelea mashine lakini ushahidi hautoshi kuthibitisha. Mwaka huohuo huko Australia, jaribio la watu 259 waliovunjika muundi karibuni, wakaambiwa wavae kifaa saa kumi kila siku kwa wiki kumi na mbili, halikuonyesha kwamba kinapunguza kurudi kwenye operesheni. Mwaka 2016 ukaja uchambuzi mwingine wa majaribio kumi na tano, wote waliofananishwa na mashine za bandia, ukasema vifaa vya umeme vinapunguza kwa asilimia 35 hatari ya mfupa kuonekana haujaunga kwenye picha. Ila katika uwezo wa mtu kufanya shughuli zake, tofauti haikuonekana. Ukiniuliza mimi, nitakwambia kitu hiki si uongo na si muujiza. Na ni vigumu sana kuuza kitu kwa maneno hayo, ndiyo maana muuzaji anaongezea kisukari na nguvu za kiume.

Wifi yangu ni nesi, yuko Texas miaka mingi. Nikampigia. Akaniambia kule kwao huwezi kwenda dukani ukanunua kile cha mifupa. Daktari anakuandikia, bima inataka kuona picha za miezi kadhaa kwanza, kinagharimu maelfu ya dola, na kinakuja kikiwa kimepangwa kwa ajili yako peke yako, ukimaliza umemaliza. Hakina uhusiano na magodoro na mikanda inayouzwa kwa afya ya jumla, ingawa wote wanatumia neno sumaku. Nguvu ya mawimbi, kasi yake, muda wake, kila kampuni ina vipimo vyake, na kilichopimwa kwenye majaribio si lazima kiwe ndicho kilichoko ndani ya begi jeusi. "Wifi," akasema, "na kama ana betri ya moyo hata asikisogelee. Mjamzito pia asivae." Mume wangu hana betri ya moyo na si mjamzito. Tukaendelea.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Kwao Handeni kuna mzee anaunga mifupa kwa kuchua na majani, na mama ana ushahidi wa ng'ombe na watu. Nilimwitikia kwa heshima zote. Yeye akanijibu, "Mwanangu, wewe unasoma sana, lakini mguu hausomi." Nimeshindwa kumjibu hadi leo.

Tukarudi kwa daktari tukiwa na maswali yameandikwa kwenye karatasi. Na hili nakushauri ulifanye, mpenzi msomaji, kwa sababu ukiingia pale bila karatasi unatoka na "ahsante dokta" tu. Sikutegemea anisikilize, kliniki ilikuwa imefurika. Wodi za mifupa za nchi hii, kuanzia MOI pale Muhimbili, zinawajua majeruhi wa bodaboda kuliko tunavyowajua majirani zetu. Lakini alisikiliza. Akasema mashine yenyewe haina madhara makubwa anayoyajua kwa mtu wa hali ya mume wangu. Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie. Lakini kama ncha mbili za mfupa zinacheza, au kuna pengo kubwa, au kuna usaha ndani, sumaku haitaziba pengo na haitatoa usaha. Picha yetu ilionyesha ncha ziko karibu na hakuna dalili ya usaha. Akapendekeza jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote: kutoa skrubu za upande mmoja, ili akikanyaga, chuma kiteleze kidogo na ncha za mfupa zibanane. Operesheni ndogo, karibu ya siku moja. Mfupa upate kubanwa, kama walivyosema Wajapani.

Kisha akaweka kalamu chini, akamwuliza mume wangu, "Unavuta?"

Nikajibu mimi, kwa kujiamini, kwamba aliacha mwaka aliooa. Kimya. Daktari hakuniangalia mimi. Alikuwa anamwangalia yeye, na yeye alikuwa anaangalia magongo yake.

Pakiti moja kwa siku, msomaji wangu. Alikuwa anamtuma kijana wa dukani, anavutia kibarazani nikiwa kazini, anatafuna karafuu nikirudi. Mimi nilidhani karafuu ni ushauri wa mama yake kwa ajili ya mfupa! Daktari akaeleza bila kumfokea: nikotini inabana mishipa ya damu, na mfupa ule ulikuwa na damu kidogo tangu mwanzo. Mvutaji anaunga kwa shida na kwa kuchelewa. Alisema hata akivaa mashine kumi, kama sigara ipo, ni sawa na kumwagilia bustani huku mtu amekanyaga mpira wa maji.

Kwenye gari sikusema kitu hadi tulipofika Ubungo. Nilikuwa na hasira, sitaki kukudanganya. Hasira ya sigara ilikuwepo, lakini iliyonichoma ni miezi minane ya kuhesabu siku kwenye kalenda huku mwenzangu anajua jambo ambalo mimi silijui. Akaanza yeye. Akasema siku akiwa peke yake nyumbani, hawezi kubeba hata kikombe cha chai kwa sababu mikono yote imeshika magongo, sigara ndicho kitu pekee alichoweza kujifanyia mwenyewe. Nilitaka kuendelea kukasirika nikashindwa. Kikombe cha chai ndicho kilichonimaliza.

Makubaliano yetu tuliyaandika, usicheke. Yeye anaacha sigara, mimi nanunua zile tomeo za kubebea chai zenye kamba ya begani, mbili. Skrubu zinatolewa. Kiwanja kinasubiri, pesa ya operesheni haiguswi. Na mashine? Mashine tutaikodi. Nilimpigia yule jamaa mwenyewe, nikamwambia sinunui, nipe kwa mwezi. Alikataa, akakataa tena, siku ya tatu akakubali laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi mitatu. Mashoga zangu wameniuliza kwa nini nilitoa laki saba na nusu kwa kitu ambacho mwenyewe nasema ushahidi wake unayumba. Kwa sababu mtu anayevaa kitu mguuni kila usiku saa tatu, akiangalia taa ya kijani, anakumbuka kila usiku kwamba anapona, na mtu wa namna hiyo haendi kibarazani kuvuta. Hiyo ilikuwa hesabu yangu. Hesabu yake yeye ilikuwa sumaku. Hatukulazimishana kuwa na hesabu moja.

Wiki mbili za kwanza bila sigara zilikuwa mbaya kuliko wiki mbili za kuvunjika. Aligombana na rimoti. Aligombana na wimbo wa katuni za watoto. Usiku nilikuwa nasikia kile kiboksi kinavyolia kidogo kila kikimaliza zamu yake, tiii, na nilianza kuupenda mlio ule, kwa sababu kulikuwa hakuna tena mlango wa kibarazani unaofunguliwa. Wiki ya tano alirudi kitandani, na mkanda wake na waya wake. Nilikuwa nalala pembeni ya mtu anayechajiwa.

Mwezi wa tatu daktari akaweka picha kwenye mwanga. Mimi mwenyewe, nisiye daktari, niliona: ule mstari ulikuwa umefunikwa na kitu cheupe kama wingu upande mmoja, na upande wa pili wingu limeanza. Akasema mfupa unaunga, atupe gongo moja, lingine alishike bado. Mume wangu akamwuliza ni nini kilichounga. Daktari akacheka, akasema angekuwa na miguu mingine kumi na tano ya kufanana na huu angeweza kumjibu.

Mashine tulirudisha ikiwa imefutwa na kukunjwa vizuri, na mama mkwe alisikitika, maana alikuwa ameshaiwekea nafasi kwa ajili ya magoti yake. Tukadhani imeisha.

Juzi rafiki yangu wa kazini akanitumia picha aliyoikuta kwenye status ya WhatsApp ya mtu. Eksirei mbili, ya kabla na ya baada. Chini yake maandishi mekundu: "AMEPONA NDANI YA SIKU 90 BILA KUPASULIWA! PIGA SASA." Nilizitambua papo hapo. Muundi ule nimeuangalia miezi kumi na moja, naujua kuliko sura yangu. Mume wangu alikuwa amemtumia jamaa picha zile kwa furaha tu, kumshukuru, wala hakuombwa ruhusa ya kutangazwa. Nikamwonyesha nikiwa tayari kwa ugomvi wa pili.

Aliisoma mara mbili. Akaisogeza simu karibu, akakuza picha ya pili hadi pale zilipokuwa skrubu, matundu yake bado yanaonekana. Kisha akamwandikia jamaa, mimi nikisoma begani kwake: "Kaka, toa picha zangu. Na ukiweka za mtu mwingine, ongeza na skrubu tatu zilizotolewa na pakiti moja ya sigara kwa siku."